Jina la glifu ni nini, na kwa nini linasumbua wachora fonti

Glifu ni umbo lililochorwa ndani ya fonti. Herufi a ni moja, lakini fonti inaweza kuwa na glifu kadhaa za a: ya kawaida, ya mapambo, na nyingine tena ya vichwa vya habari. Programu za kuchorea fonti kama FontForge, FontLab na Glyphs huipa kila glifu jina lake, na kazi nyingine zote hulitegemea jina hilo. Kanuni ya kugeuza f na i kuwa umbo moja huandikwa kwa majina. Nafasi ya kubana A na V hurekodiwa kwa majina pia.

Ndiyo maana ukibadilisha jina katikati ya kazi, kanuni zilizotaja jina la zamani huweza kubaki zikitafuta kitu kisichokuwepo. Kwa kawaida programu itagoma na kukuonyesha ilipokwama, nawe utarekebisha. Linalonitia wasiwasi zaidi ni jina ambalo programu inalikubali, huku likieleza herufi nyingine au lisieleze herufi yoyote.

Fonti ikishakamilika, kompyuta huchora maandishi kwa kutumia jedwali linalooanisha namba za Unikodi (mfumo wa kimataifa unaozipa herufi namba) na glifu. Majina hayaguswi, kwa hiyo kwenye skrini kila kitu huonekana sawa. Shida hujitokeza kwenye PDF isiyobeba jedwali la kurudisha glifu kwenye herufi. Msomaji akinakili aya au akitafuta neno, programu hulazimika kukisia herufi kutokana na jina la glifu. Kampuni ya Adobe iliweka utaratibu wa kukisia huko: kata kila kilicho baada ya nukta ya kwanza, gawanya kilichobaki penye kistari cha chini, kisha tafuta kila kipande kwenye orodha yao ya majina. Kipande kisichokuwa kwenye orodha husomwa kama namba ya Unikodi, mradi kimeanza na uni au u. Kikishindikana hapo pia, hakitoi kitu.

Tuseme umechora umbo moja maalumu la ng’ kwa ajili ya maandishi ya Kiswahili. Ukiliita n_g_quoteright.alt (quoteright ni jina la alama ’ kwenye orodha hiyo), sehemu ya alt itakatwa na msomaji atapata ng’ kamili. Ukiliita ngapostrofi, anayenakili neno ng’ombe atapata ombe. Herufi tatu zimepotea, na kwa macho PDF haina kasoro yoyote.

Orodha yenyewe nayo ina mitego. Jina Delta halielekezi kwenye herufi ya Kigiriki. Linaelekeza kwenye alama ya hisabati, U+2206. Omega huenda kwenye alama ya omu ya wataalamu wa umeme, na mu huenda kwenye alama ya maikro. Anayechora fonti ya Kigiriki ni salama zaidi akitumia uni0394, uni03A9 na uni03BC, ingawa hayavutii kuyasoma. Herufi zilizo ndani ya namba hizo lazima ziwe kubwa: uni00E9 inasomeka, uni00e9 haitambuliki.

Kwa lugha zetu za Afrika kuna jambo jingine. Lingala huandika ɛ yenye alama ya toni juu yake, na herufi hiyo haina namba yake peke yake katika Unikodi. Ni ɛ ikifuatwa na alama. Ukiichora kama glifu moja, iite uni025B0301. Namba zote mbili zimo ndani ya jina, na zote mbili zitarudi.

Hakuna anayefurahia kufanya kazi siku nzima akitazama majina ya namna hiyo. Kwa hiyo Glyphs hukuachia majina ya kueleweka unapochora, kama alef-ar kwa alifu ya Kiarabu, kisha huyabadilisha inapotoa fonti. UFO, mfumo wa kuhifadhi faili za kazi za fonti, nao una sehemu ya kuweka jina litakalotumika fonti ikitolewa, kando ya jina la kazi. Hata hivyo programu hutafsiri majina inayoyajua tu. Jina ulilolitunga mwenyewe linaweza kupita kama lilivyo, kwa hiyo fungua fonti iliyokwisha kutolewa na usome majina ya glifu zisizo na namba ya Unikodi, hasa zile ulizoziunganisha mwenyewe.