Datsun 240Z Kigoma: yanayosemwa gereji na yaliyo kweli

Ukiwa na Datsun 240Z, gari la michezo la Kijapani la mwanzoni mwa miaka ya 70, Kigoma hukosi washauri. Simama Mwanga ujaze mafuta, au egesha Ujiji ukanunue migebuka, na kabla hujafunga mlango utakuta mtu anakueleza gari lako linataka nini. Wengi husema kwa mapenzi, na baadhi yao ni mafundi hodari wa magari mengine. Ila gari hili lina vipimo vyake, na ushauri wa barazani umeshaua mengi ambayo uzee ulikuwa umeyaacha. Ninayoyasema hapa yanamhusu pia mwenye Toyota Celica ya zamani au gari lolote la michezo la Kijapani la miaka ile.

“Gari la michezo la Kijapani ni la lami, njia zetu litavunjika”

240Z ilizinduliwa Japani Oktoba 1969. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nayo mashindano ya magari ya Safari ya Afrika Mashariki, na mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akashinda tena na 240Z akiwa na Lofty Drews. Mara ile ya pili Mehta alilingana pointi na Harry Källström aliyekuwa kwenye Datsun 180B, ikabidi kanuni ya kuvunja sare iamue. Hakuna aliyeyapata mashindano hayo akasema yalikuwa ya lami. Ni kweli magari ya mashindano yaliimarishwa, lakini mpangilio wa msingi ulikuwa uleule: kila gurudumu na springi yake inayojitegemea, na mbele injini ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja. Kinachovunjika huku kwetu ni bushi zilizokufa na shokapu zilizovuja, na zaidi ya hivyo, bodi iliyooza.

“Ziwa letu halina chumvi, kwa hiyo Kigoma gari halipati kutu”

Nusu ya kwanza ni kweli. Chumvi huongeza kasi ya kutu, lakini kutu yenyewe inataka maji na hewa tu, na vyote viwili tunavyo tele kuanzia mvua za mwisho wa mwaka hadi Mei. Vumbi letu nalo linachangia: likiingia kwenye mianya ya bodi na kulowa, hushika unyevu wiki nzima baada ya mvua kukatika.

Kwenye 240Z jambo hili ni zito kwa sababu gari halina chesi ya kujitegemea. Bodi yenyewe ndiyo mifupa. Reli mbili zilizochomelewa chini ya sakafu hubeba uzito, kwa hiyo sakafu iliyotoboka si aibu ya macho tu, gari limedhoofika kweli. Kagua kibao cha betri, reli hizo, kingo za matao ya magurudumu ya nyuma, na hasa sehemu iliyo chini ya kioo cha mbele. Pale kuna matundu ya kuingiza hewa na njia ya kutolea maji. Ukilaza gari chini ya mwembe, majani na maua huziba njia ile, maji yanakaa, chuma kinaoza kwa ndani huku rangi ya nje ikimeta. Turubai la plastiki lililofungwa hadi chini ni baya vilevile, maana linazuia unyevu kutoka. Banda lenye paa na upepo ndilo linalofaa, hata likiwa la mabati makuukuu.

Halafu kuna pati. Fundi bodi akikwambia atasawazisha kwa pati juu ya kutu, mshukuru uondoke. Pati hunywa maji, na chini yake kutu inaendelea na kazi. Chukua sumaku ndogo uipitishe kwenye bodi kabla ya kununua gari la namna hii. Mahali isiponasa pana pati nene au pana shimo. Matengenezo ya kweli ni kukata hadi chuma safi, kuchomelea bati jipya, kupiga praima, na mwisho kupuliza nta ya kuzuia kutu ndani ya mianya. Nenda ukaone kwa macho yako kabla rangi haijapulizwa, kwa sababu baada ya hapo utaoneshwa mng'aro tu.

“Toa thamostati, nchi yetu ni ya joto”

Hii ndiyo inayoniuma kuliko zote. Karibu kila 240Z au Celica ya zamani niliyoiona imefunguliwa huku, nyumba ya thamostati ilikuwa tupu.

Thamostati ni vali kwenye njia ya maji ya kupozea, kazi yake ni kuifikisha injini kwenye joto lake na kuibakiza hapo. Nissan, waliounda Datsun, walilijua bara letu vizuri: kwa injini hizi walitoa thamostati ya kawaida inayofunguka nyuzi 82, ya nchi za baridi nyuzi 88, na ya nchi za joto nyuzi 76.5. Yaani hata kwa mtu wa tropiki hawakusema aitoe, walimpa ya kwake. Injini isiyo nayo hukaa baridi muda mrefu, hasa asubuhi. Petroli isiyoungua inateremka kwenye oili, mvuke wa maji haukauki, na ringi na silinda vinalika kabla ya wakati wake.

Kama gari linachemsha, tafuta kinachochemsha: rejeta iliyoziba, pampu ya maji iliyochoka, feni inayoteleza, au mfuniko wa rejeta. Mfuniko huo watu huudharau, wengine hufunga kwa kitambaa. Kumbe ukiwa mzima wenye mgandamizo wa kilo 0.9 kwa sentimita mraba unapandisha kiwango cha kuchemka hadi karibu nyuzi 120. Spea ndogo kabisa, na huenda ndiyo iliyokuwa inakusumbua muda wote.

Na yale maji. Silinda hedi ya injini hii ni ya alumini, bloku ni ya chuma cha kuyeyusha, na metali hizo mbili zikikutana ndani ya maji matupu, alumini ndiyo inayolika. Maji ya Ziwa Tanganyika yana ualkali, pH yake inakaribia 9, kiwango ambacho alumini haikivumilii vizuri. Yanafaa kunywa mtu yakichemshwa, lakini injini hii ipe kulanti, dawa ya kupozea na kuzuia kutu, iliyochanganywa na maji yaliyochujwa madini.

“Injini za zamani zinataka petroli yenye risasi”

Petroli hiyo iliondoka kusini mwa Sahara kufikia mwanzoni mwa 2006, na magari haya yanaendelea kutembea. Risasi ililinda viti vya vali, kwa hiyo walioathirika zaidi ni wenye hedi za chuma ambazo viti vya vali vilichongwa kwenye hedi yenyewe. Hedi ya alumini ya Datsun ina viti vilivyopachikwa. Usimwage mafuta ya taa wala kitu kingine kwenye tangi kwa kuambiwa kinafanya kazi ya risasi.

Oili ndiyo ya kufikiria. Kemshafti ya injini hii husugua roka, mikono inayosukuma vali, moja kwa moja, na inahitaji oili yenye zinki na fosforasi ya kutosha. Oili nyepesi za magari mapya zimepunguziwa fosforasi ili kulinda vichujio vya moshi. Nzito kama 20W-50 hazibanwi na kikomo hicho, soma kopo kabla ya kulipa. Ukiwa hapohapo pima nafasi ya vali kwa fila geji, vile vibati vya kupimia mwanya: injini ikiwa ya moto, milimita 0.25 kwa za kuingiza na 0.30 kwa za kutoa moshi. Injini ikilia kidogo sana juu usifurahi haraka, vali iliyobana ndiyo inayoungua.

“Kabureta hizi hazirekebishiki, weka injini ya Toyota Mark II”

Zinarekebishika. Kabureta mbili za Hitachi zina pistoni inayopanda na kushuka, na juu ya kila moja kuna kikombe cha oili nyepesi kinachoituliza. Kikikauka, gari linasita ukikanyaga, na mtu anaanza kuzilaumu kabureta kumbe zilitaka matone machache ya oili. Kumbuka pia mwinuko. Kigoma tuko karibu mita 775 juu ya bahari, Tabora ni kama mita 1,200. Huko hewa ni nyepesi na mchanganyiko unazidi petroli, kwa hiyo gari lililosetiwa vizuri hapa likitoa moshi mweusi Tabora si lazima liwe bovu.

Kubadili injini si njia ya mkato. Gari lina kilo elfu moja na kidogo, breki za nyuma ni za dramu, na injini nyingine inadai propela shafti, rejeta na waya mpya. Namba ya injini nayo imeandikwa kwenye kadi ya gari, na kadi lazima ifuate.

“Lisitembee, ndiyo litadumu”

Hapana. Liwashe na ulitembeze mpaka lipate joto kamili. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, yabadilishe kila baada ya miaka miwili hata kama gari halijaenda popote, na usiweke oili ya injini mahali pake; mpira wa breki utavimba. Tairi nalo lina tarehe: tarakimu nne za mwisho za msimbo ubavuni ni wiki na mwaka wa kutengenezwa.

“Spea hazipo”

Zipo kwa majina mengine. Injini ya 240Z ni ya aina ya L, iliyofungwa pia kwenye Nissan Cedric, Laurel na Skyline, na Patrol za miaka ya 80 zilikuwa na L28 ya ukoo huohuo. Nenda Kariakoo na vipimo mkononi, siyo na jina la gari. Beringi ina namba, sili ina kipenyo cha ndani, cha nje na unene, na muuzaji mwenye kaliba, chombo cha kupimia kipenyo, atakupa bila kuuliza unaendesha nini. Bushi isiyopatikana huchongwa. Vigumu kweli ni vioo, mapambo ya ndani na mipira ya milango. Hivyo ukivikuta vizima kwenye gari unalotaka kununua, vihesabu kabla ya injini.