Mazao ya GMO na mzio: maswali na majibu

Je, chakula cha GMO, yaani cha mazao yaliyobadilishwa jeni, kinaweza kuleta mzio?
Kinaweza, iwapo jeni iliyopandikizwa inatengeneza protini inayochochea mzio. Kwa hiyo ulizia kwanza jeni imetoka wapi na inatengeneza nini.

Limewahi kutokea?
Maabara ndiyo, mezani halikufika. Kampuni ya Pioneer Hi-Bred ya Marekani ilitaka soya ya kulishia mifugo iongezeke methionini, asidi amino ambayo soya inayo kwa uchache. Ikapandikiza jeni ya protini iitwayo albumini 2S kutoka njugu ya Brazili, na kuna watu ambao njugu hiyo huwavimbisha koo. Watafiti wakapima damu ya watu 9 wenye mzio huo: kingamwili za 8 kati yao zilinasa protini ile ndani ya soya mpya. Kisha watu 3 wakadondoshewa majimaji ya soya kwenye ngozi na kudungwa kidogo kwa sindano. Soya mpya iliumua ngozi. Ya kawaida haikufanya kitu. Matokeo yalichapishwa 1996, na soya ile haikuingia sokoni.

Siku hizi hupimwaje?
Mwongozo wa 2003 wa Codex, tume ya FAO na WHO ya viwango vya chakula, unataka protini mpya ilinganishwe na vizio vinavyojulikana. Ikifanana navyo kwa zaidi ya asilimia 35 katika kipande cha asidi amino 80, inashukiwa. Hutiwa pia kwenye pepsini, kimeng'enya cha tumboni, kuona kama inavunjika upesi; isipovunjika, inashukiwa pia. Protini ya Cry9C ya mahindi ya GMO yaitwayo StarLink haikuvunjika upesi, na joto halikuiharibu. Ndiyo maana mwaka 1998 Marekani iliyaruhusu kwa mifugo na viwanda tu, si kwa chakula cha watu. Mwaka 2000 yakakutwa kwenye vyakula vya watu, bidhaa zikaondolewa madukani. CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, ilichukua damu za waliolalamika; zilipopimwa hazikuonyesha kingamwili dhidi ya Cry9C. Hata hivyo ruhusa ile ilikuwa kosa: mahindi huchanganyika shambani, ghalani na kwenye lori.

Nina mzio wa soya. Nile isiyo ya GMO?
Haitakusaidia. Protini zinazokudhuru ni za soya yenyewe, nazo zimo katika soya zote. Soma pakiti ya unga wa lishe. Ukisagisha mashineni, uliza kilichotangulia kusagwa, kwani mabaki ya soya au karanga hubaki ndani na kuingia kwenye unga wako.

Mzio ukishika nifanye nini?
Dalili huanza ndani ya dakika chache hadi saa 2: vipele, midomo kuvimba, kutapika, pumzi kubana. Mgonjwa alale chali, miguu juu. Akishindwa kupumua, akae. Mkimbizeni hospitali achomwe adrenalini kwenye msuli wa paja, upande wa nje: miligramu 0.5 kwa mtu mzima, 0.01 kwa kila kilo kwa mtoto, isizidi 0.5. Msimcheleweshe kwa maziwa wala vidonge vya mzio. Vidonge hupunguza muwasho, havifungui koo.