Wavu wa ukungu unafaa Chile, Nungwi je?

Kila kiangazi kikikaza na visima vya ukanda wa pwani vikianza kutoa maji ya chumvi, swali hili hurudi: hewa yetu hapa Zanzibar, Nungwi ikiwamo, imejaa unyevu hata nguo hazikauki, kwa nini tusiuvune kwa nyavu kama wafanyavyo Chile? Ni swali la maana, na jibu lake limo katika namna wavu wenyewe unavyofanya kazi.

Ukungu ni matone. Mengi yana kipenyo cha mikromita 1 hadi 40 tu (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita), lakini tayari ni maji. Upepo huyasukuma kwenye wavu, yakagonga nyuzi, yakaungana na kuteremka hadi mferejini. Wavu wa dagaa huzuia kwa udogo wa macho yake. Huu wa ukungu macho yake ni makubwa kuliko tone mara mamia. Kinachonasa ni uzi. Uzi ukiwa mnene, upepo huuzunguka na tone jepesi likaufuata upepo. Ukiwa mwembamba, tone haliwahi kukwepa. Lakini nyuzi zikibanana mno, upepo hupita pembeni ya wavu, na maji yaliyonaswa huziba macho.

Mwaka 2013 watafiti wa MIT, chuo kikuu cha Marekani, wakishirikiana na wenzao wa Chile, walionesha kwamba wavu wa plastiki uliozoeleka hunasa takriban asilimia 2 ya maji ya ukungu mwepesi. Nyuzi za chuma kisichoshika kutu, unene wake mara tatu au nne ya unywele, zikipakwa dawa ya kuyatelezesha matone mapema, zinaweza kufika asilimia 10. Baadaye watafiti wa Virginia Tech, chuo kikuu kingine cha Marekani, waliondoa nyuzi za mlalo, wakabakisha za wima tu, tone lisipate pa kukwama. Mimi nauona huu ndio ubunifu mzuri kuliko yote: mavuno yameongezeka kwa kupunguza.

Sasa turudi kwetu, tujilinganishe na Chile. Kijiji cha Chungungo, Chile, miaka ya 1990 kilipata wastani wa lita 15,000 kwa siku kutoka nyavu zilizotegwa mlimani, zaidi ya mita 700 juu ya bahari, mahali ambapo mawingu yenyewe hupita yakigusa ardhi. Unguja na Pemba, sehemu za juu kabisa ni kama mita 120. Unyevu unaotutoa jasho ni mvuke, haujawa matone, nao hupenya wavu wowote. Kuugeuza maji lazima uupoze, na kila lita hudai kuondolewa joto la karibu megajuli 2.5 (megajuli ni kipimo cha nishati). Hiyo ni kazi ya mashine na umeme.

Mbinu inayotufaa iko juu ya nyumba zetu. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Unguja hupata takriban milimita 1,600 kwa mwaka. Paa la bati la mita 50 za mraba hupokea lita 80,000, na hata robo ikipotea zinabaki 60,000. Kwenye paa, hasara kubwa hutokea maji yakishanaswa: mfereji usio na mteremko, kiungo kinachovuja, majani yaliyoziba. Maji ya mwanzo ya kila mvua yamwagwe, kwani hubeba vumbi na kinyesi cha ndege. Tangi lifunikwe, mbu wasizaliane, na ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa.