Tokeni ya uthibitisho katika programu za simu: maana yake na namna inavyolindwa

Tokeni ya uthibitisho ni mfuatano wa herufi na tarakimu ambao seva, yaani kompyuta inayoendesha huduma, huipa programu ya simu baada ya mtumiaji kuthibitisha, kwa nenosiri au kwa namba iliyotumwa kwa ujumbe mfupi, kwamba akaunti ni yake. Inahitajika kwa sababu itifaki ya HTTP, ambayo programu nyingi huitumia kuwasiliana na seva, haitunzi kumbukumbu, na kila ombi hufika kana kwamba limeletwa na mgeni. Pasipo tokeni, mfanyabiashara wa dagaa wa Kibirizi anayepokea oda kwa simu angelazimika kuandika nenosiri kila anapofungua ukurasa mpya. Programu humwondolea usumbufu huo kwa kuambatisha tokeni kwenye kila ombi, na seva ikishaikagua hulitekeleza lililoombwa.

Kwa wengi wetu hapa Kigoma, tokeni ni ile ya LUKU, na kuzilinganisha hizi mbili kunafaa kwa kuwa tofauti yake ndiyo kiini cha suala zima la usalama. Tokeni ya umeme ina tarakimu 20 na imefungwa kwenye mita moja: iliyonunuliwa kwa ajili ya nyumba ya Ujiji ikiingizwa kwenye mita ya Mwanga itakataliwa, na hata kwenye mita yake yenyewe hukubaliwa mara moja tu. Tokeni ya programu kwa kawaida haina vifungo hivyo. Nyingi ni za aina iliyoelezwa katika waraka wa RFC 6750 wa mwaka 2012 (RFC ni nyaraka za kanuni za intaneti), ambayo yeyote aliyeishika huhesabiwa kuwa ndiye mwenye haki; seva haichunguzi imetoka kwenye simu ipi, na itaipokea tena na tena hadi muda wake uishe. Kwa hiyo aliyeinakili hahitaji nenosiri wala ujumbe mfupi, maana ukaguzi huo ulikwisha kufanyika wakati mwenye akaunti alipoingia.

Hatari hii si ya kubuni. Septemba 2018 Facebook ilitangaza kwamba wavamizi walitumia kasoro katika sehemu inayomwezesha mtumiaji kuutazama ukurasa wake kama unavyoonekana na wengine, wakajipatia tokeni za watu. Baadaye kampuni hiyo ilieleza kwamba tokeni zilizoibwa zilikuwa za watu takriban milioni 30. Haikuwaambia watumiaji wabadili manenosiri. Ilibatilisha tokeni za akaunti zipatazo milioni 90, zikiwamo nyingi ilizozihofia tu, na wenye akaunti hizo wakatakiwa kuingia upya.

Swali la kwanza kwa mtengenezaji wa programu ni mahali pa kuiweka tokeni. Wengi huiandika katika faili la kawaida la mipangilio, ambalo kwenye Android ni maandishi yanayosomeka bila ufunguo wowote. Ni kweli kwamba mfumo huzuia programu moja isisome mafaili ya nyingine, lakini kizuizi hicho huanguka pale simu inapovunjwa kinga zake za ndani, na tokeni huweza pia kubebwa ndani ya nakala rudufu. Njia iliyo sahihi ni kuisimba, yaani kuigeuza isisomeke, kwa ufunguo unaotunzwa na Android Keystore, hifadhi ya funguo ya mfumo huo, au kuiweka katika Keychain, hifadhi ya siri kwa upande wa iPhone. Katika simu nyingi za sasa ufunguo huo hukaa ndani ya sehemu maalumu ya maunzi na hautolewi nje, hata kwa programu inayoutumia.

Ufunguo wa namna hiyo unawezesha pia jambo ambalo mimi naliona kuwa kubwa zaidi, yaani kuifunga tokeni kwenye kifaa. Waraka wa RFC 9449 wa mwaka 2023 unaeleza utaratibu uitwao DPoP, ambapo simu hutia saini ya kidijitali kwenye kila ombi, na tokeni hubeba alama ya ufunguo uliotia saini hiyo. Anayeiba tokeni bila kuupata ufunguo huwa ameiba kitu asichoweza kukitumia. Huduma zinazogusa fedha na afya zingepaswa kulifikiria hili mapema.

Njiani, tokeni hulindwa na HTTPS, yaani HTTP iliyosimbwa. Tangu Android 9 ya mwaka 2018 mfumo huzuia mawasiliano yasiyosimbwa kwa programu zilizoandaliwa kwa ajili ya toleo hilo au la baadaye, isipokuwa mtengenezaji ameruhusu mwenyewe. Tokeni isiwekwe kamwe ndani ya anwani ya ukurasa wala kuchapishwa katika kumbukumbu za utendaji za programu, maana husomwa na watu wengi wasiokusudiwa.

Umri wa tokeni unahitaji maelezo zaidi. Muundo unaotumika sana ni JWT, uliosanifiwa mwaka 2015, wenye sehemu tatu zinazotenganishwa kwa nukta. Sehemu yake ya mwisho ni saini, nayo huzuia maudhui yasibadilishwe, haizuii yasisomwe. Namba ya NIDA ikiwekwa humo, yeyote atakayeipata tokeni ataisoma. Kwa kuwa seva huikagua JWT kwa kutazama saini na tarehe pekee, bila kurejea kwenye hifadhidata, ni vigumu kuifuta kabla ya wakati wake. Ndiyo maana hupewa maisha mafupi, mathalani dakika 15, kisha programu huomba nyingine kwa kutumia tokeni ya pili ya kuhuisha. Hii ya pili inapaswa kubadilishwa kila inapotumika, ili ya zamani ikijitokeza tena seva itambue kuwa ipo mikononi mwa watu wawili na izifute zote zilizotokana nayo.

Kitufe cha kutoka kwenye akaunti nacho hakiaminiki kila mahali. Zipo programu ambazo huifuta tokeni kwenye simu tu na kuiacha hai kwenye seva, na nyingine ambazo huziacha tokeni za zamani zikiendelea kufanya kazi hata baada ya nenosiri kubadilishwa. Anayeuza simu yake, au anayeiacha kwa fundi ikiwa haina kifungo, atafute kwanza katika mipangilio ya kila akaunti orodha ya vifaa vilivyoingia na kuviondoa asivyovihitaji. Simu ikishaibwa, kazi hiyo hiyo hufanyika kupitia kifaa kingine. Programu isiyompa mtumiaji orodha hiyo imemnyima njia ya kuifuta tokeni yake mwenyewe, na huo ni upungufu ambao watengenezaji wanapaswa kuurekebisha kwenye seva.