Homa Isiyo na Jina: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli Kuhusu Mlipuko Ujao

Februari 2018, Shirika la Afya Duniani liliingiza "Ugonjwa X" kwenye orodha yake ya magonjwa ya kipaumbele. Hakuna mtu aliyewahi kuuugua. Ni nafasi iliyoachwa kwa ajili ya kimelea ambacho bado hatukifahamu. Sisi wa Arusha na Moshi, wenye uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA), mipaka ya Namanga na Holili na minada ya mifugo, tuna kila sababu ya kulijua jambo hili sawasawa.

"Usichokijua huwezi kujiandaa nacho"

Kimelea kinaweza kuwa kigeni, lakini njia zake za kuingia mwilini tunazijua: hewa, majimaji ya mwili, maji na chakula, wadudu wanaouma, sindano, mnyama. Zahanati yenye maji yanayotiririka, glavu, barakoa na chumba kimoja chenye madirisha yanayotazamana kwa ajili ya kumtenga mgonjwa imeshaziba nyingi ya njia hizo kabla jina la ugonjwa halijapatikana.

"Ukija tutautambua tu, dalili zake zitatisha"

Dhana hii ndiyo ya hatari kuliko zote. Ugonjwa mpya hubisha hodi kama homa tu, na kwetu homa ina majina mawili tayari: malaria, na ikikataa dawa, taifodi. Mwaka 2007 hadi 2008, watafiti waliwafuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa mjini Moshi, katika hospitali za KCMC na Mawenzi. Takriban asilimia 61 waliandikiwa malaria. Waliokuwa na malaria kweli hawakufika asilimia 2. Zaidi ya robo walikuwa na maradhi ya bakteria yatokayo kwa wanyama: homa ya mgunda, brusela, homa ya Q, homa ya kupe. Kama magonjwa yanayojulikana miaka yote yanajificha hivyo ndani ya neno "malaria", ugonjwa usiojulikana utaonekana saa ngapi?

Taifodi nayo isiandikwe kwa kipimo cha Widal cha siku moja. Kipimo hicho hutafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili huwatengeneza dhidi ya ugonjwa, na kingamwili hubaki mwilini muda mrefu baada ya mtu kupona. Kinachothibitisha ni kuotesha damu maabara.

Kwa hiyo, kipimo cha malaria kikitoka hasi na chanzo kingine hakionekani, mhudumu aandike kwenye kitabu cha MTUHA (kumbukumbu za wagonjwa za kituo cha afya): homa, chanzo hakijajulikana. Kisha aulize mambo manne: amesafiri wapi, ameshika mnyama gani, kazi yake ni ipi, na nani mwingine anaumwa nyumbani. Watu wawili wa nyumba moja ndani ya wiki moja, au muuguzi aliyeugua baada ya kumhudumia mgonjwa wa aina hiyo, ni taarifa ya kupeleka kwa mratibu wa ufuatiliaji wa magonjwa wa wilaya ndani ya saa 24. Mwananchi anaweza kupiga 199 bila malipo.

Wapo wanaoogopa kutoa taarifa wasije wakaonekana wamezua taharuki. Julai 2022 Ruangwa, mkoani Lindi, walitoa taarifa ya homa inayotoa damu puani. Ikabainika ni homa ya mgunda, ugonjwa wa zamani kabisa. Machi 2023 Kagera walitoa taarifa ya ugonjwa usiojulikana, ukawa Marburg, homa kali ya virusi iliyo jamii moja na Ebola. Waliougua ni 9, wakafa 6, na Juni 2 mlipuko ukatangazwa kwisha. Waliotoa taarifa Lindi walifanya kazi ileile ya waliotoa Kagera.

"Kipimo kimesema hana, aende nyumbani"

Kwa Ebola na Marburg, damu iliyochukuliwa kabla ya saa 72 tangu dalili zianze inaweza kutoka hasi kwa sababu virusi bado ni wachache. Kipimo hurudiwa. Sampuli nayo isafiri kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, ndani ya vifungashio vya tabaka tatu; iliyosahaulika mezani juani inaweza kuleta jibu la uongo.

"Klorini ikiwa kali ndiyo nzuri"

Ikizidi hubabua ngozi na kula chuma. Kwa Jik ya asilimia 3.5 (soma lebo), kikombe 1 kwa vikombe 6 vya maji hutoa asilimia 0.5, ya sakafu, meza na vitanda. Chukua kikombe 1 cha mchanganyiko huo, ongeza vikombe 9 vya maji: hiyo ni asilimia 0.05, ya mikono pale sabuni inapokosekana. Futa uchafu kwanza, maana damu na matapishi huimaliza nguvu klorini. Iache dakika 10. Changanya upya kila siku, funika, weka kivulini. Usiichanganye kamwe na dawa ya choo yenye tindikali, kwani hutoa gesi inayounguza mapafu. Na binadamu hapuliziwi klorini.

"Chanjo ya haraka imelipuliwa"

Mpangilio wa vinasaba vya virusi vya korona ulitolewa Januari 2020, na mtu wa kwanza akachomwa chanjo ya majaribio Machi 16. Haraka hiyo ilitokana na miaka ya utafiti juu ya SARS ya 2003 na MERS ya 2012, magonjwa mengine ya virusi vya korona. Hatua za majaribio ziliendeshwa sambamba, na viwanda vilianza kuzalisha kabla ya majibu. Lililohatarishwa hapo ni fedha.

"Magonjwa mapya huletwa na ndege"

Ndege husambaza. Chanzo mara nyingi ni mnyama, na sisi mnyama tunalala naye uani. Mwanzoni mwa 2007 Homa ya Bonde la Ufa iliupiga mkoa wa Arusha, ikiwapata zaidi walioshughulika na mifugo inayoumwa. Ng'ombe akifa ghafla huku akitokwa damu nyeusi isiyoganda puani, usimchinje wala kumpasua, hata kama mnada wa Meserani ni kesho. Huenda ni kimeta: bakteria wake wakikutana na hewa hujenga ganda linalodumu udongoni miaka mingi. Zuia mbwa na watoto, usiguse mzoga kwa mikono mitupu, mwite afisa mifugo wa kata.