Ana Daraja la Pili, Mbona Hana Nafasi ya Utabibu?

Kila matokeo ya kidato cha nne yakitangazwa Tanzania, wazazi huulizana swali moja: "Kapata daraja gani?" Mwenye la pili hupongezwa, mwenye la nne hupewa pole kama mfiwa. Masomo yenyewe, moja moja, hayatazamwi. Kosa hilo ndilo linalowagharimu watoto mwaka mzima, na kila msimu linarudi vilevile.

Dhana: Daraja ndilo linaloamua mtoto aende wapi.

Daraja ni jumla ya pointi, basi. Baraza la Mitihani (NECTA) huchukua masomo saba aliyofanya vizuri zaidi: A ni pointi 1, B 2, C 3, D 4, F 5. Pointi 7 hadi 17 ni daraja la kwanza, 18 hadi 21 la pili, 22 hadi 25 la tatu, 26 hadi 33 la nne. 34 na 35 ni sifuri. Jumla hiyo haiulizi kama C imetoka kwenye Kemia au kwenye Uraia. Vyuo huuliza.

Tuseme mtoto ana C saba: Kiswahili, Kiingereza, Historia, Jiografia, Uraia, Hisabati na Biolojia, na ana F ya Kemia na ya Fizikia. Pointi 21, daraja la pili. Stashahada ya utabibu haipati, kwa sababu inadai ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, yakiwemo Kemia, Biolojia na Fizikia. Mwenzake ana D ya masomo hayo matatu na ya Kiswahili, mengine yote F: pointi 31, daraja la nne. Huyu ana sifa ya kuomba. Ushindani ataukuta, lakini fomu yake haitatupwa.

Kidato cha tano nako ni hivyo hivyo. Lazima awe na C au zaidi katika masomo matatu yasiyo ya dini. Mwenye B mbili na D tano ana pointi 24, daraja la tatu safi, na bado hana sifa kwa sababu masomo yanayokubalika ni mawili tu. Mzazi anayelalamika kwamba mwanawe "amerukwa" kwenye uchaguzi ahesabu kwanza zile C.

Nasisitiza jambo hili kila mara: andika matokeo kwenye karatasi, ziba sehemu ya daraja, kisha pigia mstari kila C na zaidi, halafu kila D. Baada ya hapo fungua mwongozo wa udahili wa NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi, na usome sifa za kozi moja moja, kabla hujalipa ada yoyote ya maombi. Kama kinachokosekana ni Kemia peke yake, arudie Kemia kama mtahiniwa wa kujitegemea. Kumrudisha darasani na sare ili "asafishe daraja" ni kupoteza ada na muda. Usajili hufunguliwa mapema kila mwaka, na anayechelewa hulipa faini, kwa hiyo uamuzi ufanyike matokeo yakiwa bado ya moto.

Dhana: Asiyepita kidato cha sita hafiki chuo kikuu.

Anafika. Ngazi ya 4, ya 5 na ya 6 za mafunzo ya ufundi humpa stashahada, na stashahada yenye GPA (wastani wa alama) isiyopungua 3.0 humpa sifa ya msingi ya kuomba shahada. Ila cheti cha kidato cha nne humfuata hadi huko. Programu nyingi hukagua tena D zake. Aliyepitia kidato cha sita naye ajue kwamba hesabu hugeuka: NECTA huipa A pointi 1, ilhali kwenye udahili wa shahada A ni 5 na E ni 1, na kwa kawaida anahitaji jumla ya 4 kutoka masomo mawili.

Dhana: Upimaji wa kidato cha pili ni mazoezi tu.

Si kweli. Asiyefikia kiwango hukariri kidato cha pili.

Dhana: Elimu bila ada maana yake mzazi halipi kitu.

Kilichoondolewa ni ada: hadi kidato cha nne tangu 2016, na kidato cha tano na sita tangu 2022. Sare, madaftari na nauli ni vya mzazi.

Dhana: Shida ya shule ipelekwe Wizara ya Elimu.

Wizara hushika sera, mtaala na uthibiti ubora. Shule za msingi na sekondari za serikali husimamiwa na TAMISEMI, yaani Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa, kupitia halmashauri. Uhamisho huanzia kwa mwalimu mkuu, au mkuu wa shule kama ni sekondari. Anayeanzia wizarani atarudishwa hapo.

Dhana: Darasa la saba limeshafutwa kwa wote.

Kwa utaratibu uliotangazwa, waliokuwa darasa la tatu mwaka 2024 ndio wa kwanza kumalizia la sita, mwaka 2027. Waliowatangulia darasa moja humaliza la saba mwaka huohuo, na makundi yote mawili yaingie kidato cha kwanza 2028. Mwenye mtoto katika mojawapo aanze kujiandaa sasa kwa sare na vifaa.