Sauti Inapopasuka: Tafuta Chanzo Kabla ya Kununua Maiki Mpya

Tangu kituo chetu kiwaombe wasikilizaji watume tenzi na simulizi walizojirekodia nyumbani, idara ya ufundi imelazimika kurudisha kazi nyingi nzuri kwa sababu moja: sauti inapasuka. Malalamiko yameongezeka, na tunayaelewa. Mtu amekesha na utenzi wake, kisha anaambiwa haufai kurushwa hewani.

Kompyuta huandika sauti kwa tarakimu, na tarakimu hizo zina kikomo. Katika rekodi ya biti 16, thamani ya juu kabisa ni 32,767. Sauti ikizidi hapo, kilele cha wimbi hukatwa na sikio husikia mkwaruzo. Likuze wimbi kwenye skrini: palipopaswa kuwa na mviringo utaona kilele bapa.

Mtumaji akirudishiwa kazi, mara nyingi huishusha sauti kwenye programu na kuituma tena. Hapana. Kilichokatwa hakimo tena kwenye faili. Ukishusha unapata mkwaruzo uleule, ila wa chini zaidi. Audacity, programu ya kuhariri sauti, ina zana ya kukisia vilele vilivyopotea, nayo husaidia palipokatwa kidogo tu. Utenzi uliopasuka kuanzia mwanzo hadi mwisho hurekodiwa upya, hakuna njia nyingine.

Kabla ya kurekodi, jaribu kwa ubeti wenye mkazo mkubwa kuliko yote, si kwa "haloo, haloo". Shusha geini, yaani kiwango cha kukuza sauti inapoingia, mpaka vilele vicheze kati ya desibeli -12 na -6 kwenye mita ya programu, ambapo sifuri ndiyo kikomo. Wengi wakiona wimbi dogo huingiwa na hofu na kupandisha. Msipandishe! Sauti ndogo iliyo safi tunaikuza sisi wenyewe bila shida.

Kama mita haikaribii sifuri na mkwaruzo bado upo, umeingia kabla ya mita. Kwenye Windows, fungua mipangilio ya maiki uangalie kiongeza nguvu chake, ambacho huweza kufika desibeli 30, kirudishe sifuri. Wanaotumia mikisa (mashine ya kuchanganya sauti), msichomeke waya wake kwenye tundu la maiki la kompyuta. Tundu hilo limetengenezwa kwa milivolti chache, ilhali mikisa inatoa karibu volti nzima, kwa hiyo hata ushushe nini kwenye programu, sauti imekwisha kuharibika mlangoni. Tumieni kadi ya sauti ya USB yenye tundu la laini, linalopokea sauti yenye nguvu kama ya mikisa. Na anayesoma midomo ikigusa maiki, pumzi ya "p" na "b" itaipiga maiki tu: akae umbali wa shibiri moja, maiki ikiwa pembeni kidogo ya mdomo.

Si kila kelele ni kupasuka. Mlio wa "ta-ta-ta" huashiria kompyuta iliyolemewa. Funga programu nyingine na uongeze bafa, yaani akiba ya muda ya sauti, kwenye mipangilio ya programu ya kurekodia. Mvumo mzito usiokatika mara nyingi hutoka kwenye umeme wa ukutani, wenye hezi 50; chomoa chaja, rekodi kwa betri, usikilize kama umetoweka. Sikiliza pia kwa hedifoni nyingine, maana huenda rekodi ni nzima na spika ndiyo mbovu.

Kuhusu utaratibu: tunapokea faili za WAV (sauti isiyobanwa), biti 16 au 24, sampuli, yaani vipimo vya wimbi, 48,000 kwa sekunde. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp haupokelewi, kwa kuwa hubanwa kabla ya kutufikia. Kila faili hukaguliwa vilele kwanza. Iliyokatwa hurudishwa mara moja tu, pamoja na orodha ya sekunde zenye kasoro. Ikirejea na kasoro ileile, huondolewa kwenye ratiba ya msimu na nafasi yake hupewa anayefuata. Faili iliyoshushwa tu tunaitambua, kwa sababu vilele bapa hubaki. Idara haipendekezi chapa yoyote ya maiki, wala haiwajibiki kwa ushauri wa wauzaji. Waliokwisha kurudishiwa kazi wasifungue maombi mapya: warekodi upya na kutuma kwa namba ileile waliyopewa mwanzo.